Neno lina mwenyewe: juu ya kutaja vitabu na washahidi katika kazi za masomo

Kila mwaka waseminari na wanafunzi wa iniversite wanauliza swali lile lile: namna gani ya kutaja kitabu ndiyo ya kweli? Mwalimu mumoja anataka maandiko madogo chini ya ukurasa. Mwengine anataka jina na mwaka ndani ya mabano. Wa tatu anataka nimero tu. Mwisho kijana anachoka, anasema moyoni: hii ni desturi ya shule, sawasawa na rangi ya kaptula. Tunataka kuonyesha hapa kwamba sivyo. Tutatwaa kitabu kimoja ambacho wote wa Katanga wanakijua kwa jina, *La philosophie bantoue* cha Padri Placide Tempels, tukipime kwa swali moja tu: ndani yake nani anasema, na tunaweza kumufikia?

I. Kitabu na sifa yake

Padri Tempels, Mufransisko, alizaliwa Berlaar katika Ubelgiji mwaka 1906. Alifika Kongo katika 1933, akakaa miaka mingi kati ya Baluba wa Katanga. Kitabu chake kilitoka Élisabethville katika 1945, kwa jina la Lovania. Mwenyewe aliandika kwa Kiflama, A. Rubbens ndiye aliyekigeuza Kifransa, na Kifransa hicho kilitangulia Kiflama chenyewe, kilichopigwa chapa Antwerpen katika 1946. Katika 1949 Présence Africaine ilikitoa tena kule Paris, na katika 1959 ikakitoa kwa Kiingereza.

Tusifu kwanza kinachostahili sifa. Wakati Wazungu wengi walisema kwamba Mubantu hana mawazo ila desturi tu, padri huyu aliandika kwamba ana mawazo, na mawazo hayo yana mzizi na mpango. Hakuyaokota hewani. Alikaa na watu, akajua lugha yao, akaweka katika kitabu maneno ya Kiluba, kwa mufano *kufwa* na *kufwididila*, ambayo yanapambanua kufa na kufa kabisa. Mutu asiyesikiliza hawezi kupata maneno ya namna hii.

II. Kasoro yake

Lakini musomaji akitaka kuendelea, njia inakatika. Ni muzee gani aliyefundisha tofauti ile? Wa kijiji gani? Alijibu swali gani, siku gani? Mara nyingi kitabu kinajibu kwa neno moja: Baluba. Mara nyingine kwa neno kubwa zaidi: Bantu. Waandishi Wazungu ambao Padri anajadiliana nao wana majina. Wazee waliomupa mali ya kitabu ni kundi tu, hawana uso.

Tena tuhesabu milango ambayo neno lilipita. Muzee alisema kwa Kiluba. Padri aliandika kwa Kiflama. Rubbens alileta Kifransa. Leo mwanafunzi wetu anasoma Kifransa hicho, anakieleza kwa Kiswahili, na anasema: «Haya ndiyo mawazo ya Baluba.» Hiyo ni milango mine, na kwa kila mulango kitu kinaweza kuanguka ama kuongezwa. Padri mwenyewe hakuficha: alisema wazi kwamba tusingoje Bantu watupe mafundisho yao yote yamepangwa vizuri kwa maneno ya shule, kazi ya kuyapanga ni ya Mzungu, nao watajitambua ndani yake. Basi musomaji hawezi kutenga neno la muzee na mpango wa Padri.

Kwa sababu hiyo mabishano yalikuwa makali. Fabien Eboussi Boulaga, wa Kameruni, alikichambua kitabu katika *Présence Africaine*, nimero 66 ya 1968. Paulin Hountondji, wa Benin, katika kitabu chake cha 1977, aliuliza kama taifa zima linaweza kuwa mwanafilozofia mumoja, wote wakiwaza kwa sauti moja. Sisi tunaona kwamba nusu ya mabishano hayo imetoka katika ukosefu wa majina. Pahali ambapo Ilunga fulani na Kabwe fulani wangetajwa kila mumoja na neno lake, hakuna mutu angeweza kusema «Bantu wote» upesi namna hii. Majina mawili yanatosha kuonyesha kwamba wazee wawili wanaweza kupishana.

Mutu ataweza kujibu: Tempels hakuandika teze, aliandikia wamisionari wenzake, tena wakati ule, kumutaja muzee aliyemwambia padri mambo ya *bwanga* kungeweza kumuletea mateso. Jibu hili lina nguvu. Lakini kuficha jina na kukosa jina ni mambo mawili mbalimbali. Anayeficha kwa sababu njema anasema: «Muzee huyu ninamujua, jina lake ninalilinda.» Musomaji anajua basi kwamba kuna shahidi mumoja, si taifa zima. Padri Alexis Kagame, wa Rwanda, katika kitabu chake cha 1956, alitafuta njia nyingine: alisimama juu ya lugha ya Kinyarwanda yenyewe. Kila asemaye Kinyarwanda anaweza kumupima, kukubali ama kukataa. Hiyo nayo ni namna ya kuacha mulango wazi.

III. Kasoro ile ile mikononi mwetu

Tusimulaumu marehemu na kujisahau sisi. Mara ngapi tunasoma katika kazi za wanafunzi: «Wazee wetu wanasema…», na hakuna muzee hata mumoja aliyeulizwa! Neno limetoka katika silabusi. Silabusi imelitoa kwa Hountondji. Hountondji alilitoa kwa Tempels, naye Tempels kwa muzee asiye na jina. Mwanafunzi anaandika chini ya ukurasa: «Tempels, 1945», lakini kitabu cha 1945 hakukiona hata kwa macho.

Kanuni ni nyepesi: taja kile ulichoshika mkononi. Ukimusoma Tempels ndani ya kitabu cha Hountondji, andika: Tempels, ametajwa na Hountondji, kisha ukurasa wa Hountondji. Walatini walikuwa na neno fupi kwa jambo hili, *apud*. Si haya kuandika hivyo. Haya ni kujifanya shahidi wa kitu usichokiona. Na leo hatari imeongezeka: kuna mashini zinazoandika zenyewe, na mara nyingine zinatoa majina ya vitabu ambavyo havikuandikwa hata siku moja, pamoja na mwaka na ukurasa. Asiyefungua kitabu hawezi kutambua uwongo huo.

IV. Namna tatu za kutaja

Tukijua sababu, namna zenyewe hazitutishi tena.

Ya kwanza ni maandiko chini ya ukurasa. Ndiyo namna ya zamani katika tewolojia, historia na sheria. Uzuri wake ni nafasi: unaweza kueleza kwamba chapa ni ya pili, ama kwamba umegeuza wewe mwenyewe toka Kifransa. Hatari yake ni Kilatini chake. *Ibid.* maana yake ni «pale pale», katika kitabu kilichotajwa sasa hivi. Ukiingiza andiko jipya katikati, *ibid.* inaelekea kitabu kingine, nawe umesema uwongo bila kujua. *Op. cit.* maana yake ni «kitabu kilichokwisha kutajwa»; lakini kama mwandishi ana vitabu vitano, ni kipi? Afazali kuandika jina na kichwa kifupi cha kitabu.

Ya pili ni jina na mwaka ndani ya mabano. Ilianza kwa masomo ya wanyama kule Harvard katika 1881, na leo masomo ya jamii na ya roho za watu yanaipenda. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilitoa kanuni zake za kwanza katika 1929, nazo hazikupita kurasa saba. Leo ni kitabu kinene. Uzuri wake ni ufupi. Hatari yake ni mwaka: ukiandika «Tempels 1949», musomaji mugeni atafikiri kwamba mawazo hayo yalizaliwa kisha vita, Paris, na hatajua kwamba yalitoka Élisabethville katika 1945. Weka miaka yote miwili.

Ya tatu ni nimero inayopeleka kwa orodha ya mwisho. Waganga na mainjinia wanaitumia. Kwa kazi zetu haifai sana, kwa kuwa inaficha jina, na jina ndilo tunalolitafuta. Kuna pia kitabu cha kanuni cha Chicago, kilichotoka mara ya kwanza katika 1906, kinachokubali namna ya kwanza na ya pili. Fuata ile ambayo mwalimu wako anataka, lakini usichanganye mbili katika kazi moja.

Jambo moja linapita namna zote. Kurasa za 1945 na kurasa za 1949 si moja. Basi, pamoja na ukurasa, taja sura: kitabu cha Tempels kina sura saba, na sura hazihami. Mapadri walijua hekima hii tangu zamani. Tukiandika *Summa*, I, q. 2, a. 3, kila mutu anafika pahali pamoja, awe na chapa ya Roma ama ya Paris. Vilevile Sheria ya Kanisa ya 1983 inatajwa kwa nimero ya kanuni.

V. Majina ya watu na ya miji

Hapa kanuni za wageni zinatudanganya. Wao wanasema: weka mbele jina la mwisho. Lakini kwetu jina la mwisho si jina la baba sikuzote. Kalundi Mango anatafutwa kwa herufi K, si kwa M. Mulago gwa Cikala, mwanatewolojia wa Kivu, ni kwa Mulago. Ordinatere haijui jambo hili; itageuza majina kama inavyofanya kwa Smith, na ndugu yako atapotea katika orodha.

Tena kuna wenye majina mawili. Mudimbe, aliyezaliwa hapa Likasi katika 1941 na kufa Marekani katika 2025, aliitwa Valentin-Yves. Wakati majina ya ubatizo yalikatazwa katika 1972, akawa Vumbi Yoka. Herufi V. Y. zilibaki, mutu ni mumoja. Usimugawanye katika orodha yako.

Kwa miji, andika kama ilivyopigwa chapa. Kitabu cha 1945 kilitoka Élisabethville. Usiandike «Lubumbashi 1945», kwa sababu jina hilo lilipewa muji katika 1966. Vilevile kwa karatasi za Jadotville kabla ya mwaka huo. Ukitaka kumusaidia kijana, ongeza jina la leo kando.

VI. Wazee wa Panda

Katika 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili chetu cha Katanga, historia ya Élisabethville jinsi waliokuwa watumishi wa nyumba za Wazungu walivyoijua. Inaitwa *Vocabulaire de ville de Elisabethville*. Katika 1990 Johannes Fabian aliitoa kule Amsterdam pamoja na maelezo, akisaidiwa na Kalundi Mango. Orodha nyingi zinaiweka chini ya jina la Fabian tu. Si haki. Ukitwaa neno la historia yenyewe, mutaje Yav, 1965. Ukitwaa maelezo, mutaje Fabian, 1990. Miaka makumi mawili kisha Tempels, mutu wa muji ule ule aliandika jina lake juu ya neno lake. Tusimunyanganye.

Na sisi wa Panda tuna kazi ya kwetu. Katika Desemba 1941 wafanyakazi weusi wa Union Minière walifanya greve, hapa Jadotville na vilevile Élisabethville, na kule Élisabethville, tarehe 9, askari walipiga risasi juu ya watu waliokusanyika katika kiwanja cha mupira. Hesabu ya wafu inatofautiana toka kitabu mpaka kitabu. Mwanafunzi anayeandika hesabu moja bila kusema ameitoa wapi, anafunga kaburi mara ya pili. Anayetaja kitabu na ukurasa anaacha nafasi ya kuhesabu tena.

Wengi walioona kwa macho wamekwisha kufa. Watoto na wajukuu wao wanakaa nasi. Ukienda kwao, andika jina, mutaa, tarehe na lugha. Andika swali ulilouliza, si jibu tu. Linda maneno yao kwa Kiswahili, kisha weka Kifransa chako kando, ili mutu apime kama umegeuza sawasawa. Pambanua kile ambacho muzee aliona na kile alichosikia kwa baba yake. Omba ruhusa, asipotaka jina lake litoke, mupe herufi, useme wazi kwamba ndivyo alivyotaka.

Mwisho, shauri moja la kazi. Kabla ya kutoa kazi yako, mupe mwenzako maandiko matatu ya chini ya ukurasa, umutume biblioteka, ama kwa muzee uliyemutaja. Akirudi na neno lile lile, toa kazi. Akirudi mikono mitupu, andika tena.