Tumbo la Mtoto, Upande wa Kulia Chini

Mtoto akiumwa na tumbo Karatina au Othaya, katika kaunti ya Nyeri, mara nyingi huanziwa dawa ya minyoo nyumbani, kisha zahanati humpima taifodi. Kidole tumbo hukumbukwa mwisho, na humo ndimo saa za thamani zinamopotelea.

Daktari makini huuliza kwanza kilichotangulia. Kidole tumbo kikivimba, kwa kawaida maumivu huanzia kitovuni, kutapika kukafuata, ndipo maumivu yakahamia kulia chini. Kutapika kukitangulia maumivu, utumbo wenyewe hushukiwa zaidi. Lakini kuhara peke yake kusimtoe mtu shaka, kwani kidole tumbo kilicholalia nyonga huuchokoza utumbo na kuleta choo chepesi.

Kisha mikono. Nyeri iko juu ya mita 1,700, na asubuhi zake ni za baridi: kiganja kisichopashwa moto humfanya mtoto akaze tumbo bure. Uchunguzi huanzia kushoto, mbali na panapouma, macho ya daktari yakiwa usoni pa mtoto. Mwishowe mtoto huambiwa aruke kwa mguu wa kulia. Akikataa, au akijikunja ameshika ubavu, huo ni ushahidi mzito. Katika kipimo cha alama cha kidole tumbo kwa watoto alichochapisha Madan Samuel mwaka 2002, maumivu ya kuruka, kukohoa au kugongwa tumbo hupewa alama 2 kati ya 10, sawa na maumivu ya kubonyezwa kulia chini. Homa hupewa 1 tu.

Nimonia ya chini ya pafu la kulia huweza kuuma tumboni, kwa hiyo kifua kisikilizwe. Mkojo upimwe. Aliyetoka kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea apimwe malaria, ila jibu la malaria au la Widal, kipimo cha taifodi, lisifunge faili: mtoto huweza kuwa na maradhi mawili.

Walio chini ya miaka 5 ndio wa kuhofiwa zaidi. Hawawezi kueleza, ukuta wa kidole tumbo chao ni mwembamba, na utando wa mafuta unaozuia usaha usisambae bado ni mdogo. Maumivu yakipungua ghafla, kisha tumbo likawa gumu, huenda kimeshapasuka.

Matibabu huanza kabla ya kisu: dripu, seftriaksoni na metronidazoli, pamoja na dawa ya maumivu, ambayo haifichi ugonjwa kama ilivyodhaniwa zamani. Katika upasuaji wa wazi, njia aliyoieleza McBurney mwaka 1894 bado inatumika: misuli hutenganishwa kufuata nyuzi zake badala ya kukatwa.

Je, antibiotiki pekee zinatosha? Utafiti wa APPY, uliotangazwa mwaka 2025 na kuhusisha watoto zaidi ya 900 wasiopasukiwa kidole tumbo, uliona tiba hiyo ikishindwa kwa asilimia 34 ndani ya mwaka mmoja, dhidi ya asilimia 7 kwa waliofanyiwa upasuaji. Kwa familia ya Kieni, ambayo kurudi hospitali ya Nyeri usiku ni kutafuta gari la kukodi, tofauti hiyo inaelekeza kwenye chumba cha upasuaji.