Mtunzi Anayejua Kunyamaza

Katika Ultima IV, gemu aliyoitunga Richard Garriott ikatoka mwaka 1985, kuna duka la dawa za uganga la mama mmoja kipofu. Unaingia, unamwambia unataka vitunguu saumu au mizizi ya ginseng, unataja na kiasi. Anakupa bei. Kisha anakuachia ulipe mwenyewe: unaandika tarakimu unayotaka, basi. Ukiandika sarafu chache kuliko alizotaja, anaendelea kukuhudumia kwa upole uleule. Hakuna mlinzi anayekuja mbio, hakuna maandishi mekundu. Unatoka na mzigo wako, unapanda farasi, unasahau. Gemu yenyewe lakini haijasahau. Siku unapokwenda kwenye kasri la Lord British kumuuliza mwaguzi Hawkwind umefikia wapi katika uaminifu, unakuta njia uliyodhani umeikaribia iko mbali kuliko ulivyoiacha, na hakuna anayekutajia duka lile. Lazima ukumbuke mwenyewe.

Kwangu mimi ufundi wote wa gemu za kuvaa uhusika umo katika kaunta ya mama yule. Wachezaji wanaziita RPG: gemu ambazo unapewa mtu, unamvaa, unakwenda naye kutoka unyonge hadi popote atakapofika, ukimchagulia maneno na matendo njiani. Mtunzi mdogo angemwekea mama yule jicho la siri au mtoto wa dukani anayepiga kelele. Garriott aliona kwamba mwizi anapimwa vizuri pale ambapo hakuna anayemwona, na kwamba ukimwambia mchezaji anapimwa, umeshaharibu kipimo. Katika gemu ile nzima hakuna jitu ovu la kuua mwishoni ili ushinde. Kuna maadili 8 ya kuyaishi, na dunia inayokutazama kimya.

Linganisha na ilivyokuja kuwa baadaye. Mass Effect ya mwaka 2007, ambayo kwa mengine ni kazi nzuri sana, inakuchorea wema wako kwa mstari wa buluu na ukatili wako kwa mstari mwekundu. Unatenda huruma, papo hapo unaarifiwa kwamba alama zako zimepanda. Nimewaona vijana wakicheza hivyo: hawaulizi tena yule anayelia mbele yao ana shida gani, wanatafuta jibu la buluu. Huruma imegeuka kuwa mshahara.

Chimbuko la gemu hizi halikuwa kompyuta. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa karatasi, kalamu na dadu. Watu wanazunguka meza, kila mmoja amevaa mtu wake, na mmoja wao ni msimuliaji: ndiye anayeeleza pango lina giza kiasi gani, ndiye jini, ndiye mwenye nyumba ya wageni, ndiye mvua. Zilipokuja Wizardry na Ultima ya kwanza mwaka 1981, kompyuta ilikalia kiti cha yule msimuliaji. Tangu hapo, mabishano yote ya gemu za zamani na za sasa, ukiyachimba, yanahusu namna mashine inavyokaa kwenye kiti hicho. Picha zinapendeza, sikatai. Lakini msimuliaji anapimwa kwa anachosema, na zaidi kwa anachojua kukiacha.

Hapa Ndama, Karagwe, mkoani Kagera, gemu za zamani hazijawa za zamani. Sababu moja ni ya kawaida kabisa. Baldur's Gate 3, iliyotoka mwaka 2023 na kusifiwa dunia nzima, inadai nafasi ya GB 150 kwenye kompyuta. Kwa bando za simu tunazonunua, huo ni mzigo wa kuvuta kwa miezi, ukiwa na laptopu ya kuubeba. Morrowind ya mwaka 2002 inaridhika na GB 1, na Ultima IV, ambayo sasa inatolewa bure kihalali, inaingia kwenye flashi pamoja na barua zako zote bila kujulikana ipo. Umeme nao una lake. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya Kagera ilipata umeme kutoka Uganda, nje ya gridi ya taifa, na anayecheza huku amejifunza kuseva kila anapovuka mlango. Gemu inayokuruhusu kuseva popote, wakati wowote, inamheshimu mtu wa namna hii kuliko ile inayokungojesha hadi kituo chake.

Lakini uhaba peke yake haufanyi mtu apende kitu. Kijana anayeanza Morrowind kwa sababu laptopu yake ya mtumba haiwezi kingine, akifika wiki ya pili, anaicheza kwa sababu imemkamata. Tazama inavyoanza. Wewe ni mfungwa unayeshushwa kutoka melini katika bandari ndogo, Seyda Neen. Unaachiliwa bila maelezo, unapewa bahasha na maagizo mafupi: nenda mji wa Balmora, fika kwenye klabu ya South Wall, mwulizie Caius Cosades, wanajua pa kumpata. Yameishia hapo. Hakuna mshale juu ya kioo, hakuna kitone kinachowaka kwenye ramani. Una daftari linalojiandika kila unachoambiwa, na una mdomo.

Basi unauliza. Mmoja anakueleza ufuate mto hadi daraja, mwingine anakwambia upite njia panda yenye kibao, ukiuona mnara umepita kidogo. Mtu wa Karagwe hapo yuko nyumbani, maana ndivyo tunavyoelekezana milimani huku: shuka hadi bondeni, vuka maji, panda ukiwa na migomba mkono wa kushoto, ukifika mgongoni uliza tena. Katika Morrowind nako maelekezo mengine yana makosa, yule aliyesema mashariki alikuwa na maana ya kusini. Wapo wanaolalamikia hilo. Mimi nalihesabu kuwa utajiri, kwa sababu linakufanya umsikilize anayesema: ni mwenyeji au mpita njia? Anakupenda au anakuondoa mlangoni pake? Na ukifika kwa Caius Cosades, ambaye kumbe ni mkubwa wa wapelelezi wa dola, unakuta mzee asiyevaa shati katika chumba kimoja, kiko cha dawa za kulevya kiko pale. Hapo gemu haikuelezi kama ni kificho chake au ndiyo hali yake. Unakaa na swali lako.

Miaka 4 baadaye, wenye Morrowind walewale, Bethesda, walitoa Oblivion, na humo dira ikaanza kukuonyesha uendako. Skyrim ya mwaka 2011 ikaendelea hivyo hivyo: unafuata alama. Milima ya Skyrim ni mizuri hadi inauma, na nusu ya wachezaji hawajaitazama, macho yao yako kwenye kile kitone. Tena Oblivion ilifanya kila mtu azungumze kwa sauti. Hapo watu wengi wanaona maendeleo tu, ila gharama yake ni kubwa. Sentensi iliyoandikwa inagharimu muda wa mwandishi. Sentensi iliyorekodiwa inataka mwigizaji, studio, na nafasi kwenye diski, na ikisharekodiwa haibadiliki. Kwa hiyo watu wa Morrowind, ambao wengi wao wanasalimia kwa sauti kisha wanaendelea kwa maandishi, wanaweza kukueleza habari za nasaba zao, dini zao na ugomvi wao na jirani. Wale wa Oblivion wana sentensi chache, na unazisikia kinywani mwa mtu wa pili, wa tatu, kwa sauti ileile ya mwigizaji yuleyule.

Nisieleweke kuwa kila cha zamani ni dhahabu. Wizardry ilimtaka mchezaji achore ramani ya mashimo yake kwenye karatasi ya miraba, mstari kwa mstari, na kosa dogo lilimzika pamoja na wenzake wote. Gemu nyingi za wakati ule zilikuwa hesabu za panga na ngao zenye hadithi nyembamba kama karatasi ya sigara. Zimesahaulika kwa haki.

Na ufundi haujafa. Mwaka 2019 kundi la ZA/UM lilitoa Disco Elysium, iliyoongozwa na mwandishi Robert Kurvitz wa Estonia. Wewe ni askari mpelelezi anayeamka kwenye chumba cha hoteli bila kukumbuka hata jina lake. Hupigani na majini, unazungumza. Vipaji vyako 24 vinakusemesha kichwani, kimoja kinakushawishi, kingine kinakudanganya, na huna hakika kipi ukiamini. Kubwa zaidi ni jinsi inavyoshughulika na kushindwa. Unajaribu jambo, dadu linakukataa, na hadithi haikurudishi nyuma. Inasonga mbele na aibu yako, mara nyingi kwenye njia tamu kuliko ile ya kufaulu. Baldur's Gate 3 ya Larian, studio ya Ubelgiji, nayo ina ujasiri huo: ukimuua mtu mapema ambaye angekuwa mwenzako wa safari, hadithi yake yote, saa nyingi zilizoandikwa, kuigizwa na kulipiwa, inazikwa naye, na gemu haikwambii ulichopoteza. Fikiria mwenye mali anayekubali hasara hiyo ili uamuzi wako uwe na uzito. Kama ningekuwa na GB 150 za kutupa, ningezitupa hapo.

Kagera ina sababu ya kuuelewa ufundi huu kuliko wengi. Wapiga nanga wa Wahaya na majirani zao waliufanya kwa karne nyingi bila waya. Nanga hiyo, enanga, ni kipande kimoja cha mti kilichochongwa kama hori, uzi mmoja ukapitishwa kwenda na kurudi juu yake mpaka zikawa nyuzi kadhaa. Mtu mmoja ameketi nayo, na yeye ndiye shujaa, ndiye mfalme, ndiye mwanamke anayeonya. Profesa Mugyabuso Mulokozi aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya tendi hizo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1986, na baadaye akaandika maisha ya Habibu Selemani, mmoja wa mabingwa wa mwisho, aliyefariki mwaka 1993. Uwezo wa mpiga nanga ulikuwa kumfanya anayesikiliza aone asichoonyeshwa. Hana jeshi la kuonyesha. Ana sauti yake na uzi, na anapoacha uzi peke yake useme, kila aliyeketi pale anajaza uwanja wa vita kwa watu anaowajua.

Afrika imeshaanza kutunga gemu zake. Huko Kenya, Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, gemu ya msako wa vitu vya kale vya Kiafrika. Kameruni, studio ya Kiro'o Games ya Olivier Madiba ilitoa Aurion mwaka 2016, RPG kamili ya mfalme aliyepinduliwa siku ya kutawazwa kwake, sehemu ya fedha zake zikitokana na michango ya watu mtandaoni. Mimi natamani ya Karagwe, na tukio lake la kwanza naliona waziwazi.

Msafiri Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika Karagwe na James Grant mwezi Novemba 1861, aliandika alivyosimuliwa jinsi Rumanyika alivyoupata ufalme wa Karagwe. Baba yake, Ndagara, amefariki. Wana watatu wanawekewa ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya kwa yule anayestahili, ila imejazwa dawa kiasi kwamba asiyestahili hawezi kuitikisa. Rumanyika anainyanyua kwa kidole kidogo. Nduguze hawaiwezi. Mmoja wao, Rogero, hakubali, anaingia vitani, na wafanyabiashara wa kutoka pwani wanamuunga mkono Rumanyika.

Mtunzi wa haraka angekupa Rumanyika. Ungebonyeza kitufe, ngoma ingepanda, muziki ungelia. Mimi ningekupa Rogero. Ningekuandikia uzito wa ngoma ile mkononi, kimya cha wazee, macho ya ndugu yako, na ningekuachia uamue kama ulichokigusa ni hukumu ya mizimu au ni hila ya waliotayarisha dawa. Gemu isingekujibu kamwe. Ungetoka ikuluni Bweranyange usiku ukiwa na watu wachache, na kila kijiji kingekupokea kulingana na walivyosikia habari za ngoma, wengine kwa maziwa, wengine kwa mlango uliofungwa. Wafua chuma, ambao Karagwe ilisifika kwao, wangekuuzia mikuki au wangekwambia makaa yamekwisha, na ungetakiwa kujua mwenyewe kama ni kweli. Siku ya kurudi kuipigania ikulu, njia ungewaulizia wachungaji.

Kazi hiyo haidai studio. Twine, programu ya bure ya kutungia hadithi zenye njia nyingi, imekuwepo tangu mwaka 2009. Inafanya kazi kwenye laptopu dhaifu, na ukishaiweka kwenye mashine haidai bando. Israel Katoke ameshaandika historia ya ufalme wa Karagwe, kitabu kilichochapwa mwaka 1975, na wazee wa Nyabiyonza na Bweranyange wana yale ambayo vitabu vimeyaacha. Kilichobaki ni mtu wa kukaa chini aandike, kwa Kiswahili, na kwa Kinyambo, lugha ya huku, pale ambapo wachungaji wanazungumza wao kwa wao, kile ambacho kila mmoja wao angemwambia Rogero akiuliza njia, na kile ambacho angemficha.