Sukari ya Saa ya Tatu

Mtu mwenye kisukari aina ya 1 akila nyama choma na kachumbari, ugali akauacha, hutarajia sukari yake ibaki palepale. Saa ya kwanza baada ya kula inabaki, na ya pili pia. Ya tatu inaanza kupanda polepole, na ikifika ya tano inaweza kusoma milimoli 11 kwa lita, ilhali hakula hata tonge la wanga. Pampu ya insulini aliyoivaa kiunoni imefanya kila ilichoambiwa. Habari ya nyama haikuambiwa.

Kwa mwenye kongosho zima, protini huamsha homoni mbili kwa pamoja. Glukagoni hulisukuma ini litengeneze sukari, na insulini hulizuia lisipitilize. Mwenye aina ya 1 anabaki na msukumo bila kizuizi. Mafuta nayo huchelewesha chakula tumboni na kuupunguzia mwili usikivu wake kwa insulini, ndiyo maana mpando huu huja kwa kuchelewa na hudumu. Anayekula wanga kwa wingi huenda asiuone kamwe, kwa sababu umefunikwa na mlima wa wali. Ukiuondoa wali, kilima kilichokuwa nyuma yake kinaonekana.

Jawabu la kilima hicho limetoka kwa watu wa kambi mbili zisizopatana sana. Wa kwanza ni Richard Bernstein, mhandisi wa Marekani aliyegunduliwa kuwa na kisukari mwaka 1946 akiwa na miaka 12. Mwaka 1969 alipata mashine ya kupimia sukari kwa jina la mkewe, ambaye alikuwa daktari. Bei yake ilikuwa dola 650, na wagonjwa hawakuuziwa. Alijipima mara nyingi kwa siku, akaona kwamba kadiri wanga unavyokuwa mdogo, kosa la kukadiria dozi nalo huwa dogo. Akashuka hadi gramu 30 hivi za wanga kwa siku: 6 asubuhi, 12 mchana, 12 jioni. Kisha akarudi darasani akawa daktari. Baba huyu wa mlo wa wanga kidogo hakuipenda pampu hata kidogo.

Kambi ya pili ni Warsaw, Poland, ambako Ewa Pańkowska na wenzake walitibu watoto waliovaa pampu. Mlo wa wanga kidogo haukuwa lengo lao. Walitaka kujua pampu ipewe hesabu gani mtoto anapokula pia protini na mafuta. Walichukua kilokalori 100 za protini na mafuta wakazihesabu kama gramu 10 za wanga, kisha wakaamua dozi yake isiingie kwa mkupuo, isambazwe: saa 3 kwa kilokalori 100, saa 4 kwa 200, saa 5 kwa 300, na saa 8 zikizidi hapo.

Tuipitishe sahani yetu ya nyama kwenye hesabu hiyo. Tuseme ina gramu 60 za protini na 24 za mafuta. Protini inatoa kilokalori 240, mafuta 216, jumla 456, yaani sawa na gramu 45 hivi za wanga. Kama uniti 1 ya insulini inabeba gramu 15 za wanga, mlo huu unadai uniti 3, zilizotandazwa kwa saa 8. Kwa mtu aliyedhani anakula chakula kisicho na sukari, hizo ni nyingi.

Pengine ni nyingi mno kweli. Hesabu kamili ilipojaribiwa, kupanda kwa sukari baada ya mlo kulipungua, lakini walioshuka kupita kiasi waliongezeka. Watafiti wa Newcastle, Australia, mwaka 2016 walionyesha kwamba protini ikiliwa peke yake haikusukuma sukari kwa maana mpaka ifike gramu 75, na mpando wenyewe ukaja kati ya saa ya 3 na ya 5. Mimi sioni ugomvi mkubwa kati ya pande hizi. Newcastle wanasema lini, Warsaw wanasema vipi, na kiasi gani ni swali la mwili wa mtu mmoja. Ni busara kuanza na nusu ya hesabu ya Warsaw au chini yake, sahani ileile, siku isiyo na mazoezi, na kutazama saa ya tano.

Jambo linalonivutia zaidi liko kwenye umbo la dozi hiyo. Pampu hutumia insulini ya haraka, ambayo kilele chake kiko kati ya saa 1 na 2. Ili ilingane na nyama, inabidi ivutwe kama mpira mpaka ifanane na ile insulini ya kawaida ya zamani, inayoanza baada ya nusu saa na kufanya kazi kwa saa 6 hadi 8. Bernstein aliichagua hiyo ya zamani kwa milo yake, kwa sababu mwendo wake unakaribiana na wa protini. Ndiyo ileile iliyomo kwenye chupa za Actrapid katika hospitali za Tanzania na Kenya, ambako pampu ni ya wachache sana. Kwa ugali ni nzito na inachelewa. Kwa nyama na mchicha inakaribia mahali ambapo pampu inafika kwa kuprogramiwa.

Sukari ikishapanda, hesabu inayofuata ni ya kuishusha, na hapa mlo wa wanga kidogo una mtego wake. Kliniki nyingi huanza na kanuni ya 100: gawa 100 kwa jumla ya insulini ya siku, upate milimoli ambazo uniti 1 inashusha. Mtu aliyekuwa akitumia uniti 50 alishuka 2 kwa uniti. Sasa anatumia 25, na kanuni inamwambia atashuka 4. Lakini jumla yake imepungua hasa kwa kuwa dozi za mlo zimepungua. Si lazima usikivu wa mwili uongezeke kwa kiwango hichohicho. Pengine kila uniti inamshusha 2.5 tu. Akiwa 12 na anataka 6, pampu inampa uniti 1.5, anatua juu kidogo ya 8, na nyama bado inasukuma kutoka chini. Anaongeza, anaongeza tena, na saa nane usiku zile dozi zote zinakutana.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni insulini ya msingi, ile inayotiririka saa zote. Aruke mlo mmoja, aone kama mstari wa sukari unabaki bapa. Ukipanda kuanzia saa kumi alfajiri bila chakula, hizo ni homoni za asubuhi, na pampu inaweza kuongezewa mtiririko kwa saa hizo peke yake. Sindano ya siku nzima haiwezi kufanya hivyo. Kiwango cha kushusha kijaribiwe baadaye, tumbo likiwa tupu na dozi ya mwisho imekwisha nguvu.

Yote haya yanachukulia kwamba insulini imeingia. Kanula, ule mrija mdogo unaoingiza insulini ya pampu mwilini, ikijikunja chini ya ngozi, mambo ni mengine kabisa, na mtumiaji wa dozi ndogo yuko hatarini zaidi. Kengele ya pampu hulia shinikizo likijaa kwenye mrija. Kwa mtiririko wa uniti 0.4 kwa saa, shinikizo hilo linaweza kuchukua saa nyingi kujaa, na kanula ikivuja badala ya kuziba, kengele haitalia kamwe. Pampu haina akiba ya insulini ndefu, hivyo ketoni, mazao ya mwili kuchoma mafuta, huanza kujikusanya ndani ya saa chache.

Ketoni zenyewe zinamchanganya mtu huyu. Anayekula wanga kidogo anaweza kuwa na milimoli 0.8 asubuhi, akiwa mzima kabisa. Namba hiyo isomwe pamoja na sukari na mwelekeo wake. Sukari 5 na ketoni 0.8 zilizotulia ni mlo. Sukari 14 na ketoni 1.6 zinazopanda ni ukosefu wa insulini, hata kama skrini inaonyesha dozi imetoka. Hapo dozi itoke kwenye kalamu au sindano, kanula na mrija vibadilishwe, maji yanywewe. Ketoni zikivuka 3, au kutapika kukianza, ni hospitali. Vijiti vya mkojo havifai kwa uamuzi huu, maana havipimi ketoni ileile inayoongoza kwenye damu.

Pampu za kisasa zinazojirekebisha kwa kufuata kihisi cha sukari hukimudu vizuri kilima cha protini, kwa sababu ni cha polepole. Kanula ikifeli, zinapotea. Zinaendelea kuongeza insulini isiyofika, zinaiweka kwenye hesabu ya iliyomo mwilini, na hazijui lolote kuhusu sindano aliyojichoma mwenyewe. Kanula mpya ikiwekwa, mfumo unaweza kubana dozi kwa sababu ya insulini isiyokuwepo, au kumwaga nyingine juu ya ile ya sindano. Ndiyo maana wazoefu huuondoa kwenye hali ya kujiendesha kwa saa 4 hivi baada ya kujichoma, wakibaki na mtiririko wa kawaida na kupima kwa kidole.