Imani ya Kila Siku katika Nathari ya Pwani

Atokaye Dar es Salaam kwenda Bagamoyo kwa njia ya pwani hupita Bunju, kisha Mapinga, kisha Kerege, ndipo aufikie mji ambao mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu waliuvukia kutoka Unguja mwaka 1868. Zamani Mapinga ilikuwa nchi ya mashamba. Siku hizi watu wa mjini hununua viwanja huko na kujenga. Mkristo ahamiaye huko hukaa ukuta kwa ukuta na Mwislamu. Jirani huyo huenda asiifunue Injili hata siku moja, wala asiingie kanisani. Lakini ataona jinsi mwenzake amlipavyo fundi aliyemjengea nyumba, jinsi aulindavyo mpaka wa kiwanja chake, na kama huhudhuria mazikoni msiba utokeapo nyumba ya pili. Hapo ndipo imani yake isomwapo. Basi yafaa kuuliza: je, nathari ya Kiswahili imepata kuiandika imani hiyo ya Kikristo ya kila siku, au imetosheka kuandika imani ya siku kuu?

Kipimo cha swali hili chapatikana katika kitabu kisichohusu Ukristo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na mengi ya maandishi yake yamo katika *Desturi za Wasuaheli*, kitabu kilichokusanywa na Carl Velten na kupigwa chapa Göttingen mwaka 1903. Humo hamna mahubiri. Mna kuzaliwa kwa mtoto, chuo, jando, harusi, utani, ngoma, utumwa na maziko. Uislamu wa watu wa mrima hauelezwi kwa hoja. Waonekana kwa namna watu wanavyomsomesha mtoto, wanavyooa na wanavyozika. Tena mwandishi hafichi kwamba watu hao hao huwaendea waganga na kuchezwa pepo. Huyaweka yote mahali pamoja, akamwachia msomaji hukumu. Kwa hiyo kitabu hicho, ingawa kiliandikwa kwa haja ya wageni waliotaka kujua habari za nchi, kimehifadhi dini iliyo hai, pamoja na mikunjo yake.

Kwa upande wa Wakristo, kitabu kilichosomwa sana ni *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Mbotela alizaliwa Freretown, kijiji kilichoanzishwa na misheni ya Kianglikana ya C.M.S. karibu na Mombasa katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Mahali pale panaitwa Kengeleni mpaka leo, kwa ajili ya kengele ya kijiji. Kitabu chasimulia kutekwa kwa watu, safari ya kwenda pwani, jahazi, na manowari ya Waingereza iliyowaokoa baharini. Sehemu hiyo ina nguvu, kwa kuwa mwandishi ni mwana wa watu walioyapata mambo hayo, na lugha yake ni nyepesi bila kuwa tupu. Ila wasomi waliomfuata wamemlaumu kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi na kuwatwika Waarabu mzigo wote. Lawama hiyo ni ya haki, lakini imezungumza siasa tu. Kuna upungufu mwingine, nao ni wa sanaa na wa imani pia.

Upungufu huo ni kwamba shukrani imechukua nafasi ya imani. Maisha ya kijiji yamo kitabuni, yaani kazi, shule na kanisa. Lakini hutajwa kama ushahidi wa wema wa mkombozi, si kama mahali ambapo mtu aliyekombolewa hujaribiwa. Mtu aokolewapo hana la kuamua. Huvutwa tu kutoka shimoni. Kesho yake ndipo aanzapo kuamua: amsamehe nani, amlipe nani, amtii nani na kwa kiasi gani. Mbotela aisimulia sana siku ya kuokolewa, na kesho yake aipita kwa sifa. Msomaji afunga kitabu akiwajua wafadhili vema kuliko Wakristo wenyewe.

Historia ya Bagamoyo yaonyesha kwamba kesho hiyo haikuwa nyepesi. Mapadri waliwaoza vijana waliokombolewa na kuwaweka katika kijiji cha misheni. Kazi ya shamba ilikuwa sehemu ya malezi yao, sawa na sala. Paul Kollman, katika kitabu chake cha mwaka 2005 juu ya kuhubiriwa kwa watumwa katika Afrika ya Mashariki, amefuata kumbukumbu za mapadri wenyewe akaonyesha kwamba wanakijiji walinung'unika, na wengine waliondoka. Manung'uniko hayo si doa la kufutwa. Ni dalili kwamba watu walikwisha kuielewa neno uhuru, wakalipima kwa siku za kazi na kwa ujira. Hadithi ya Kikristo isiyoweza kumpa nafasi mtu anung'unikaye haiwezi kumpa nafasi mtu aaminiye, maana mara nyingi ni mtu mmoja.

Hata hivyo, si kweli kwamba pwani haina mfano wa hadithi itakiwayo. Mwaka 1870 Monsinyori Gaume alitoa kwa Kifaransa habari za msichana wa Kiyao aitwaye Suéma, kama zilivyopokewa na Padri Horner, ambaye ndiye aliyeianzisha misheni ya Bagamoyo. Suéma alichukuliwa utumwani. Mama yake aliyefuatana naye aliachwa njiani afe. Alipofikishwa Unguja alikuwa mahututi, akafukiwa akiwa hai, akaokolewa na kupelekwa misheni. Mpaka hapo hadithi yafanana na nyingine za kuokolewa. Lakini yaendelea. Siku moja majeruhi waliletwa katika hospitali ya misheni, na msichana akamtambua mmoja wao kuwa ndiye mfanya biashara aliyemtesa yeye na mama yake. Kazi yake ilikuwa kuhudumia vidonda. Akashindana na moyo wake, kisha akamsamehe, akamhudumia.

Yaweza kujibiwa kwamba mkono wa padri waonekana katika tukio hilo, na kwamba kitabu kiliandikwa ili kuigusa mioyo ya Wakatoliki wa Ufaransa. Ni kweli. Edward Alpers, aliyewafahamisha wanahistoria habari hizo kwa Kiingereza mwaka 1983, amefundisha kuzisoma kwa hadhari. Msomaji hawezi kusema hapa pasema Suéma na hapa pasema Horner. Lakini hata baada ya kupunguza chumvi ya wahubiri, umbo la tukio labaki: mtu mmoja, kidonda kimoja, na amri ya dini iliyopaswa kutimizwa kwa mikono wakati moyo haujataka. Hakuna mfadhili awezaye kulitenda jambo hilo kwa niaba yake. Hapo Suéma si mwenye kuokolewa tena. Ni mwenye kutenda.

Jambo la kusikitisha ni kwamba ukurasa huo umefika kwa Kifaransa. Msichana alisimulia, padri akaandika, Gaume akapamba, na lugha ya pwani ikabaki bila hadithi yake. Mtoro alipewa kalamu akaandika kwa Kiswahili chake, Suéma hakupewa. Mbotela alipewa, na adabu ya mwana wa waliookolewa ikamzuia kuuliza maswali ya kesho.

Wanafunzi watakao kuandika nathari ya Kikristo leo hawana adabu hiyo ya kuwazuia. Hawadaiwi na manowari wala na mlezi. Mapinga ina kiwanja kilichouzwa mara mbili, deni la dukani, mgonjwa wa nyumba ya pili ambaye mwaka jana alikuwa mgomvi. Mwandishi akiyaeleza hayo kwa usahihi wa Mtoro, bila kumwepusha Mkristo wake na aibu ya kushindwa, msomaji wa dini yoyote atajua mtu yule aliamini nini, hata kama neno imani halikutajwa.