Sulwe: Usiku Uliposusa

Jamani, kama kuna mtoto nyumbani kwenu, mtafutieni kitabu cha Sulwe. Nimekimaliza sasa hivi na bado moyo unanienda mbio!

Mwandishi ni Lupita Nyong'o, huyuhuyu aliyenyakua Oscar mwaka 2014. Kitabu kilitoka 2019, na Kiswahili chake kipo, Kidholuo pia. Mama yake Sulwe, mtoto wa hadithi hii, ana rangi ya alfajiri, baba ya machweo, dada yake Mich ya adhuhuri. Sulwe? Usiku wa manane. Mich anaitwa majina matamu; Sulwe anabandikwa yaleyale tunayoyasikia kila siku kwenye viwanja vya shule zetu. Basi mtoto anachukua raba na kujisugua ngozi. Anajipaka vipodozi vya mama. Anakula vyakula vyeupe tu. Anamwomba Mungu aamke amebadilika. Hapo nilikiweka chini kidogo, maana kwetu mkorogo unauzwa mchana kweupe, na wanaojichubua wengi walianza kuitwa majina wakiwa na umri huohuo.

Halafu nyota inamjia dirishani, inamchukua angani, na weee, kitabu kinapaa! Anasimuliwa habari za Mchana na Usiku, mtu na dada yake. Watu wanamsifu Mchana, wanamsema Usiku vibaya, naye anasusa na kuondoka zake. Jua likakataa kutua! Aliyewahi kuusubiri usiku Dar es Salaam mwezi wa Januari anaijua adha hiyo. Ikabidi Mchana mwenyewe amfuate dada yake.

Na hapa Lupita amenimaliza: Usiku harudi amepauka. Anarudi vilevile, mweusi tii, na wanaobadilika ni watu. Hadithi nyingi za mtoto aliye tofauti humdai kwanza aokoe kijiji kizima ndipo apendwe. Sulwe hadaiwi kitu!

Michoro ya Vashti Harrison ndiyo kabisa: zambarau, buluu nzito, dhahabu, na weusi unaong'aa kila ukurasa. Ilipata heshima ya tuzo za Coretta Scott King mwaka 2020, na ilistahili kila chembe.

Tena msiwape watoto weusi peke yao. Wale wanaositawishwa kwa sifa za weupe darasani nao wasomewe, kwa sauti, wakiwa wamekaa pamoja na wenzao. Mimi naanza na wapwa zangu wote, weusi kwa weupe, wikiendi hii hii.