Honda Walimpima Pedrosa, Wakamsahau Bingwa

Kila aliyeangalia mbio za MotoGP za Losail, Qatar, za Machi 10, 2007 anakumbuka jinsi Casey Stoner alivyokuwa akimwacha Valentino Rossi kwenye ile njia nyoofu inayozidi kilomita moja, na mpaka leo wachambuzi wanabishana kuhusu Ducati tu: valvu zake, mafuta yake, tairi zake za Bridgestone. Kosa kubwa la siku ile lilikuwa nyuma yao. Nicky Hayden, bingwa wa dunia mwenye namba 1 kwenye pikipiki, alimaliza wa nane juu ya chombo kisichomtosha. Kofia ilichungulia juu ya kioo cha upepo, viwiko vilitokeza nje ya ngao, mgongo ulipanda juu ya mstari wa mkia. Mwenzake wa timu, Dani Pedrosa, alishika nafasi ya tatu akiwa amejikunja ndani ya Honda RC212V ileile mpaka akamezwa nayo. HRC, kitengo cha mbio cha Honda, walimpata mpanda pikipiki mfupi, aliyekuwa na msimu mmoja tu katika daraja la juu, wakaipunguza pikipiki nzima badala ya kumrekebishia sehemu anazozigusa. Ulikuwa uamuzi mbovu, na madhara yake hayakuishia kwa Hayden. Yalimfikia hata Pedrosa ambaye inasemekana ndiye aliyependelewa.

Mengine yalifanywa vizuri, na yasemwe. Injini ya V4 ilikuwa imara, breki zilikuwa za kuaminika, na Pedrosa alitoka kwenye gridi kama kawaida yake. Tuyaache hayo. Suala ni nini hasa kinachopaswa kubadilishwa mpanda pikipiki anapokuwa na urefu wa takriban sentimita 160 na uzito wa kilo 51. Mwili unaishika pikipiki kwa mikono kwenye usukani, makalio kwenye siti, magoti na mapaja kwenye tenki, na miguu kwenye vikanyagio. Hapo ndipo ufupi unapoleta shida, kwa hiyo hapo ndipo pa kurekebisha. Usukani unasogezwa karibu ili mikono isinyooke mpaka ikakosa nguvu. Tenki linachongwa ili goti lipate pa kubana wakati wa kufunga breki, maana mtu mfupi asipopata pa kubana huubeba uzito wote wa breki kwa mikono, na mikono ikishachoka usukani hausikilizi tena. Vikanyagio vinasogezwa mpaka goti lipate pembe yake, siti inaongezewa sponji nyuma ili makalio yasiteleze pikipiki inapovuta, na nyenzo za breki na klachi zinasogezwa vidole vizifikie. Yote hayo ni kazi ya mafundi wawili na boksi la spana. Hakuna hata moja linalodai kugusa umbali wa tairi kwa tairi, upana wa ngao au urefu wa mkia.

Waliokuwa pitini msimu ule waliandika sana kwamba RC212V imejengwa kumzunguka Pedrosa. Iwe hivyo ndivyo ilivyoagizwa au ndiko mahesabu yalikowapeleka, chombo chenyewe kilijieleza. Kila kitu kilisogezwa katikati: mkia mfupi, ngao nyembamba, kioo kifupi, nafasi ya kukaa iliyobanwa kati ya tenki na mkia. Fundi cherehani akipata mteja mfupi hupunguza pindo, hapunguzi vitambaa vyote vya duka. HRC walifanya hilo la pili, kisha wakawavika wote waliopanda Honda mwaka ule, pamoja na timu zilizokodi pikipiki zake. Hesabu ya mwisho wa msimu ni hii: mwaka 2006 pikipiki za Honda zilishinda mbio 8 kati ya 17, mwaka 2007 zilishinda 2 kati ya 18. Hayden, aliyetwaa ubingwa kwa pointi 252 dhidi ya 247 za Rossi, alimaliza wa nane kwa pointi 127 bila ushindi hata mmoja. Na huyu ni mtu ambaye Pedrosa huyohuyo alimwangusha Estoril Oktoba 2006, karibu amnyang'anye taji lenyewe. Kulipa deni la namna hiyo kwa kumjengea aliyekuangusha pikipiki ya vipimo vyake ni uongozi wa ajabu.

Tuangalie upepo, kwa sababu ndiko hasara ilikoonekana kwa macho. Kwenye mwendo unaozidi kilomita 300 kwa saa, nguvu nyingi ya injini hutumika kupasua hewa, na kazi hiyo hupanda haraka kuliko mwendo wenyewe. Kofia iliyotokeza juu ya kioo na mabega yaliyotoka nje ya ngao ni sawa na kupoteza nguvu za injini ambazo wahandisi walihangaika kuzitafuta majira yote ya baridi. Kanuni za 2007 ziliongeza ugumu: injini ilishuka kutoka cc 990 hadi 800 na tenki likapunguzwa hadi lita 21, kwa hiyo kila tone lililopotea kwenye upepo lilikuwa tone la kukosa kwenye mzunguko wa mwisho. Ngao pana kidogo haimdhuru mfupi. Humficha vizuri zaidi. Ngao finyu humwadhibu mrefu kila raundi. Kati ya ngao hizo mbili, HRC walichagua ile isiyo na faida kwa yeyote.

Lakini hoja nzito zaidi ni ya Pedrosa mwenyewe. Uzito wa chini ulioruhusiwa kwa pikipiki ya silinda nne ulikuwa kilo 148. Mtu wa kilo 51 akiipanda, mwili wake ni kama robo ya uzito wote. Mtu wa kilo 70 ni karibu theluthi. Mwili wa mpanda pikipiki ni chombo cha kusawazisha: anasogea mbele kuzuia tairi la mbele lisinyanyuke, anarudi nyuma kulikandamiza tairi la nyuma, ananing'inia ndani ya kona ili pikipiki isilale zaidi ya inavyohitaji. Mwepesi ana uzito mdogo wa kuchezea. Anachohitaji, basi, ni pikipiki inayojisawazisha yenyewe zaidi, na nafasi ndefu ya kusogea mbele na nyuma ili kila kilo aliyonayo ifanye kazi mara mbili. Ukiibana siti umemnyima hilo la pili. Umemweka mahali pamoja, mahali pazuri pengine, lakini pamoja. Wanaosema pikipiki ndogo ni rafiki wa mtu mdogo wanachanganya kustarehe na kutawala.

Watetezi wa HRC wana majibu matatu. La kwanza ni tairi. Mwaka 2007 kanuni iliweka kikomo cha tairi 31 kwa kila mpanda pikipiki kwa wikiendi, Michelin wakapoteza ile desturi ya kutengeneza tairi usiku na kuzileta Jumapili asubuhi, na Honda wakaumia pamoja nao. Ni kweli. Lakini Pedrosa na Hayden walivaa Michelin ileile, na pengo kati yao lilikuwa pointi 115. Zaidi ya hapo, Sachsenring, siku Michelin walipowapiga Bridgestone waziwazi, Pedrosa alishinda kwa zaidi ya sekunde 13. Ushindi wake mwingine ulikuja Valencia. Viwanja vyote viwili ni vya kona zilizobanana, ambako upepo hauulizi maswali mengi. Palipokuwa na nafasi ya kunyoosha mwendo, ule udogo haukumpa chochote cha kumtishia Stoner, ambaye alishinda mara 10.

Jibu la pili ni valvu: Honda walibaki na springi za kawaida huku Ducati wakiwa na mfumo wao wa desmo usiotegemea springi, na ni mwaka 2008 ndipo Honda walipoingiza valvu za hewa kwenye mbio. Hili nalo ni kweli, na ndilo linaloongeza hatia. Ukijua injini yako itapungukiwa na pumzi juu kabisa ya mzunguko, kitu cha mwisho kufanya ni kumwacha bingwa wako akipigwa na upepo kifuani. Jibu la tatu lina akili zaidi: kubana kulianza 2006, kwenye ile RC211V mpya aliyoiendeleza Hayden mwenyewe, kwa hiyo si haki kumtupia Pedrosa lawama. Lawama si ya Pedrosa hata chembe. Mpanda pikipiki hachori fremu. Na kuna tofauti kati ya kuibana injini ili uzito ukae katikati, jambo la busara, na kumbana mtu. Hayden alishinda taji juu ya pikipiki iliyobanwa injini, akapotea juu ya pikipiki iliyombana yeye.

Wale wa zamani walilijua hili. Loris Capirossi ana urefu wa takriban sentimita 165, na mwaka 2003 aliipa Ducati ushindi wake wa kwanza wa MotoGP pale Barcelona, juu ya Desmosedici ya cc 990 ambayo hakuna aliyeiita pikipiki ya watoto. Mwaka 2006 akashinda nayo mara tatu. Mick Doohan naye ni somo la jinsi ya kumrekebishia mtu chombo. Mguu wake ulivunjika vibaya Assen mwaka 1992, na mguu wa kulia haukuweza tena kuikanyaga breki ya nyuma ipasavyo. Honda, hawahawa Honda, wakamwekea wenzo mdogo wa breki ya nyuma kwenye usukani wa kushoto, aukandamize kwa dole gumba. Pikipiki yake, NSR500, ilibaki NSR500. Kilichobadilika ni mahali mwili ulipokutana na chuma, na mtu huyo akatwaa mataji matano mfululizo, 1994 hadi 1998. Miaka kumi haikupita, nyumba ileile ikasahau somo lake yenyewe.

Kisha kuna mwaka 2012, ambao watetezi huupita kimyakimya. Kanuni zilirudisha injini kubwa, cc 1000, na uzito wa chini ukapanda hadi kilo 157. Kwa mantiki ya 2007, Pedrosa alipaswa kuteseka: pikipiki nzito zaidi, yenye nguvu zaidi, na yeye bado mwepesi vilevile. Alishinda mbio 7 na kukusanya pointi 332, msimu bora kuliko yote ya maisha yake, akamaliza wa pili nyuma ya Jorge Lorenzo. Atakayesema kwamba kufikia hapo alikuwa amekomaa atakuwa sahihi kwa sehemu. Lakini ukomavu hauongezi kilo wala sentimita. Kama udogo wa chombo ndio uliokuwa dawa, kuukosa kungemrudisha nyuma. Kwake yeye, miaka mitano ya cc 800 ilipotezwa kwa kuamini dawa isiyokuwepo.

Kosa hili halikai kwenye viwanja vya mbio tu. Gereji yoyote ya Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa hupokea anayeanza kuendesha, mfupi, anayegusa chini kwa ncha za vidole, na jibu la haraka ni lilelile la HRC: shusha pikipiki. Springi za nyuma zinakatwa, au shokapu zinabadilishwa kwa fupi, mbele panaachwa palivyo. Matokeo yanajulikana kabla spana haijarudi kwenye boksi. Nyuma ikishuka peke yake, uma wa mbele unalala zaidi na usukani unakuwa mzito kuingia kona, kwa mtu ambaye bado anajifunza kukata kona. Springi iliyokatwa inakuwa ngumu na fupi, hivyo akipakia abiria tairi linagonga kifuniko kwenye kila shimo. Stendi ya pembeni sasa ni ndefu mno. Pikipiki inasimama wima na kuanguka kwa upepo. Mvutano wa cheni nao umebadilika, na hakuna aliyeupima. Mgeni amepata kisigino chini akisimama, akapoteza pikipiki akitembea.

Mpangilio sahihi ni wa kutoka mwilini kwenda kwenye fremu. Anza na viatu vya soli nene na imara. Kisha punguza upana wa siti pale mbele, kwenye mapaja, maana mguu unaoshuka wima hufika chini mapema kuliko uliotanuliwa. Mara nyingi sponji iliyochongwa vizuri inatosha. Sogeza nyenzo za klachi na breki, geuza usukani umfuate. Baada ya hapo tu, kama bado hafiki, shusha nyuma na mbele kwa kipimo kimoja, fupisha stendi, kaza cheni upya. Na mfundishe kusimama kwa mguu mmoja, kama wapanda pikipiki wafupi wa dunia nzima wanavyofanya, Pedrosa akiwamo. Fundi anayeanza na kukata springi anarudia kosa la kiwanda chenye wahandisi wengi kuliko yeye, na hana hata kisingizio cha kanuni mpya.