Wanaoamka Kabla ya Kengele

Tangu Wasalesiani, watawa wa Kikatoliki, walipofika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1911, na baadaye kufungua shule hadi mji wa Sakania, sifa zimewaendea walimu. Lakini shule ya bweni husimama kwa wafyekaji, wapishi na walinzi pia. Masika huotesha nyasi zinazoficha nyoka. Kiangazi huleta vumbi jekundu hadi vitandani, na mchwa hutafuna miimo ya milango, kwa hiyo kazi ya jana hurudiwa leo. Wapo wanaosema elimu ni mwalimu na kitabu, mengine ni usafi tu. Hata hivyo, mtoto aliyelala salama, akanawa maji yaliyotekwa kabla hajaamka, ndiye anayekielewa kitabu hicho. Mishahara ikigawiwa, waanze hao wafyekaji, wapishi na walinzi.